Mombasa ya Ng'ambo na Majengo Yafaayo Kutazamwa

Mgeni atokaye bara akifika Mombasa kwa mara ya kwanza hupenda kwenda moja kwa moja kisiwani. Huitazama Ngome ya Yesu, hupita chini ya zile pembe kubwa za barabara ya Moi, hununua halua ya kuwapelekea watoto, kisha hurudi kwao akisema ameiona Mombasa. Hakusema uongo, lakini ameona sehemu ndogo tu. Katika watu zaidi ya 1,200,000 waliohesabiwa mwaka 2019, wengi kabisa walikuwa wakikaa ng'ambo ya maji, yaani Changamwe, Kisauni, Likoni na mitaa iliyo jirani. Basi leo tungependa kumwongoza msomaji huko, ili likizo yake ijayo impatie faida pamoja na raha.

Tuanze upande wa Changamwe, kwa sababu ndiko mgeni wa treni anakoshukia. Stesheni ya Miritini ilifunguliwa mwaka 2017, nayo ni mwisho wa reli mpya ya kutoka Nairobi. Kabla hujakimbilia gari la kukupeleka mjini, geuka ulitazame jengo lenyewe. Mnara wa mviringo umesimama katikati, na mapaa yameuzunguka kama viwimbi vinavyoenea pale jiwe linapotupwa majini. Ukiendelea kuelekea kisiwani utavuka Makupa. Zamani hapo palikuwa na tuta la mawe na udongo, ambalo liliwafaa sana wasafiri lakini liliziba njia ya maji baina ya hori mbili. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja lenye urefu wa mita 457, na maji sasa hupita chini yake. Jambo hili lapasa kukumbukwa na kila mtu ajengaye barabara au boma shambani kwake: ukiyazibia maji njia, siku moja utagharimika kuifungua.

Kwenda Kisauni hapana budi kuvuka daraja la Nyali. La kwanza, la mwaka 1931, lilikuwa la kuelea, na wapitao walilipa ushuru. Hili la saruji lilijengwa mwaka 1980. Mbele yake kidogo utafika Kengeleni, mahali palipopata jina kwa ajili ya kengele iliyotundikwa kando ya njia panda. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza walianzisha hapo mji wa Frere Town, wakawaweka watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Kengele ilikuwa ya kuwaonya watu hao hatari inapokaribia. Karibu na hapo lipo kanisa la Emmanuel, lililojengwa mwaka 1889. Magari hupita kwa maelfu, na wengi waliomo hawageuzi hata shingo. Lakini jengo hili dogo lina maana kuliko maghorofa mengi ya Nyali, na lingefaa litunzwe lisije likamezwa na vibanda na moshi.

Kutoka hapo panda matatu mpaka Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe ya kale na kuyachoma. Nyumba nyingi za Pwani zimesimama kwa saruji ya hapo. Baada ya kuchimbwa, ardhi ilibaki jiwe tupu lenye maji ya chumvi. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda miti humo, na mvinje ukastahimili kuliko mingine. Majani yake makavu yalikataa kuoza, hata walipoletwa majongoo, wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Leo pale shimoni pana msitu, mabwawa na wanyama, na wageni hukaribishwa. Mkulima aliyekata tamaa na shamba lake lililochoka na akatazame kwa macho yake.

Mwisho, twende Likoni. Huko hakuna mnara wa kusifiwa. Kitu cha kutazama ni kivuko. Feri zilianza kazi hapo mwaka 1937, na siku hizi huvusha watu wapatao 300,000 kwa siku. Waendao kwa miguu hawalipi kitu. Simama saa kumi na moja jioni uone makarani, mafundi, akina mama na vikapu vyao na watoto wa shule wakiteremka pamoja kama mto. Lakini ujue pia kwamba tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyopakia kupita kiasi, ilipinduka karibu na nchi kavu, wakafa watu 272. Kwa hiyo mwenyeji wa Likoni akizungumza juu ya kuvuka, usimdhanie mlalamishi.

Kazi kubwa imefanyika tangu hapo. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024, yatoka Miritini na kupita juu ya madaraja marefu ya Mwache na Mteza, hata mwenye gari aweza kufika pwani ya kusini bila kugusa feri. Madaraja hayo ni mazuri, na yafaa kutazamwa. Lakini mtu wa miguu aishiye Likoni na kufanya kazi kisiwani bado hungojea feri kama baba yake alivyongojea.

Basi, msomaji, unapozitembelea kazi hizi usiulize tu zimegharimu kiasi gani, wala zina urefu gani. Uliza zinamvusha nani, na kama anafika salama. Mwenyeji yeyote utakayesimama naye kwenye foleni ya Likoni atakujibu.