Laptopu Inapoamka Ikiwa Nzito

Prosesa ya kompyuta haifanyi kazi kwa kasi moja siku nzima. Mtu akiandika barua, mapigo ya prosesa, yaani masafa, hushuka hadi megahezi mia kadhaa. Akifungua video, hupanda hadi gigahezi mbili au tatu. Volti nayo hupanda na kushuka pamoja na masafa, na hapo ndipo chaji inapookolewa. Intel iliileta mbinu hii kwenye laptopu mwaka 2000 kwa jina la SpeedStep. Inayotekeleza mabadiliko ni draiva ya masafa, programu ndogo ndani ya mfumo endeshi.

Pwani ya Kilifi na Malindi stima hukatika mara kwa mara, na usiku wa 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikuwa gizani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani hufunika laptopu ili ilale na chaji isiishe. Kwenye laptopu nyingi prosesa huzimwa, kumbukumbu pekee ndiyo huachiwa umeme kidogo. Laptopu ikiamshwa, bayosi, programu inayoiandaa mashine kabla ya mfumo endeshi, huiwasha prosesa kwa masafa inayoyachagua yenyewe, ilhali draiva yenye kasoro huwa bado inashikilia hesabu ya kabla ya kulala. Ikiombwa kasi inayodhani tayari ipo, haigusi kitu, na mashine hujikokota.

Kuingia usingizini kuna hatari yake. Kwenye mashine nyingi za ARM, jamii ya prosesa za simu, volti hutolewa na chipu ya pembeni. Vifaa hulazwa kwa zamu. Njia ya kuifikia chipu hiyo ikishafungwa, ombi la kubadilisha masafa hukwama na mashine yaweza kuganda. Mwaka 2014 kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya Linux ilirekebishwa: sehemu inayoamua kasi husimamishwa kabla ya vifaa kulazwa, na hurudishwa kazini vikishaamka.

Kwenye Linux, faili cpuinfo_cur_freq, pale draiva inapoitoa, huonyesha masafa yaliyosomwa kwenye prosesa yenyewe, na scaling_cur_freq mara nyingi huonyesha yaliyoombwa mwisho. Zikitofautiana sana baada ya kuamka, kuna sababu ya kuishuku draiva. Uzito ukiondoka kila mashine inapozimwa na kuwashwa upya, dawa ni kusasisha kerneli na bayosi. Kumshauri mwenye mashine anunue nyingine ni kumtia hasara bure. Uzito ukibaki, ichomolewe chaja: baadhi ya laptopu huibana prosesa zisipoitambua chaja, hasa isiyo ya asili.