Net ya Mtaa Imelala Tena? Uliza Ruta, Usikisie

Kama unaishi Free Area, Kiamunyi ama Kaptembwo, hii stori unaijua. Saa mbili usiku, mechi ndiyo inaanza, na waifai ya mtaa inazunguka tu. Unapigia jamaa wa net. "Zima uwashe," anakwambia. Ukiuliza shida iko wapi, anakisia: labda ni mvua, labda ni Nairobi, labda jirani anashusha filamu.

Si lazima akisie. Ruta zake zinaona mzigo wote unaopita. Kasoro ni kwamba hakuna anayeziuliza zote kwa pamoja.

Chukulia ruta kama karani wa steji ya matatu. Anaandika gari limetoka wapi, linaenda wapi, saa ngapi, na limebeba wangapi. Stori za abiria ndani hasikii. Rekodi za mikondo ya data ni hivyo hivyo: anwani ya IP iliyotuma, iliyopokea, namba za poti, saa ya kuanza na kuisha, na ukubwa wa mzigo. Cisco ndio walileta mfumo huu, NetFlow, mwaka wa 1996. Mwaka wa 2013 IPFIX ikawa kiwango rasmi cha intaneti, ili ruta za kampuni tofauti zielewane. Hata ruta ndogo za MikroTik zina hiyo kazi ndani yake, inaitwa Traffic Flow. Ni kuiwasha tu.

Lakini kitabu cha steji moja hakitoshi. Tuseme jamaa ana mnara mjini, mwingine Njoro, mwingine Gilgil. Watu wa Njoro wakilia, ruta ya Njoro peke yake haiwezi kusema kama msongamano uko hapo ama uko kwa laini kubwa ya mjini. Ndiyo maana kila ruta inatuma rekodi zake kwa kompyuta moja ya kukusanya. Laptopu kuukuu yenye Linux na nfdump, programu ya bure, inatosha kuanzia.

Mitego nayo iko. Kwanza, saa. Ruta ya Gilgil ikiwa nyuma dakika tano, ushahidi hauingiliani, kwa hivyo zote zifuate saa moja. Pili, gari moja likiandikwa Njoro na pia mjini, hayo si magari mawili. Chagua mlango mmoja wa kuhesabia. Tatu, rekodi hutumwa kwa UDP, njia isiyongoja risiti. Zikipotea zimepotea, ila zina namba za mfuatano, na pengo litaonekana ukiangalia. Nne, MikroTik mpya hungoja hadi dakika 30 kabla ya kuripoti mkondo mrefu. Mtu akishusha gemu dakika 25, wewe unaona mlima mmoja mwishoni. Punguza iwe dakika 1.

Sasa tuje upande wako, mteja. Ni kweli karani hasikii stori ndani ya gari. Lakini akiandika safari zako mwezi mzima, anajua unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, na mara nyingi anaweza kukisia kama unashinda kwa tovuti za kubeti. Hebu fikiria hicho kitabu kikifika kwa landilodi wako, ama kwa mtu mliyeachana vibaya.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa data yako inatumiwa kufanya nini, na inataka isiwekwe kupita muda unaohitajika. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5. Na mwenye net hana kisingizio: nfdump inakuja na nfanon, kifaa cha kuficha anwani za watu huku chati za msongamano zikibaki.

Kwa wewe unayependa kuchokora ruta, hapa kuna kazi. Mimi sina digrii, na hakuna ruta imewahi kuniuliza. Omba ruta mbili, laptopu moja, wikendi moja, uone zinasema nini.

Na kwa wewe unayelipa kila mwezi, muulize jamaa wa net maswali matatu. Unakusanya rekodi? Unaziweka siku ngapi? Nani anaziona? Asiyekusanya chochote bado anakisia na pesa yako. Anayekusanya na hawezi kujibu swali la tatu, huyo ndiye wa kuogopa zaidi.