Hodi Mara Tatu

Sogeeni, wanangu, na wewe wa nyuma acha kuchezea pazia. Leo sina sungura wala fisi. Nina kisanduku cheusi, kinaenea juu ya sahani ya bati, taa zake za kijani zinakonyeza usiku kucha. Kinaitwa ruta. Ruta ya nyumbani huwa na tundu moja la kupokea intaneti kutoka nje. Ya ofisini huwa na mawili au zaidi, na kisa changu chote kimo katika hilo tundu la pili.

Nilikuwa fundi wa mitandao Tanga. Karibu na bandari palikuwa na ofisi ya wakala wa forodha. Hati za mizigo huingizwa kwa kompyuta, kwa hiyo intaneti ikikatika kontena linabaki bandarini, na kukaa huko ni gharama. Mzee mwenye ofisi akaniita. "Fundi, sitaki tena kuona vijana wangu wanapiga soga mchana kutwa eti mtandao hakuna." Nikachomeka faiba ya kampuni moja tundu la kwanza, faiba ya kampuni nyingine tundu la pili.

Sasa, ruta inajuaje kwamba njia imekufa? Hupiga hodi. Kila baada ya sekunde chache hutuma ujumbe mfupi kwa kompyuta fulani iliyo mbali: hodi! Ile hujibu: karibu! Mgeni muungwana akibisha mara tatu asiitikiwe, huenda zake. Ruta nayo nikaipangia hivyohivyo: hodi tatu kimya, hamia njia ya pili. Huku inaendelea kubisha kule ilikohama, lakini hairudi kwa "karibu" moja tu. Husubiri kadhaa mfululizo, maana njia inayokufa na kufufuka kila dakika ni usumbufu zaidi kuliko iliyokufa kabisa.

Hapa mafundi wachanga huteleza. Wengi humbishia hodi yule aliyekaa barazani, yaani kifaa cha kwanza cha kampuni ya intaneti, hapo hapo mtaani. Huyo ataitikia vizuri sana hata kama nyumba yote nyuma yake imefungwa na ufunguo umepotea. Taa ni ya kijani, barua pepe haziendi. Bisha mbali, tena kwa wawili tofauti, ndipo ujue.

Njia zote mbili zikiwa hai, ruta huzigawia kazi. Ila mazungumzo yaliyoanza njia hii humalizikia njia hii. Kila njia ina anwani yake, na benki ikiona mtu yuleyule kaingia kwa mlango wa mbele kisha anauliza salio kwa mlango wa nyuma, inaweza kumtoa nje.

Basi nikajiona fundi. Asubuhi moja ya mvua, lori la mkonge likateleza kwenye kona likagonga nguzo. Nguzo moja tu. Simu ikalia. "Fundi, hizo njia zako mbili ziko wapi?" Nikaenda kwa pikipiki. Nguzo imelala kwenye tope, na nyaya mbili nyeusi, wa kampuni hii na wa kampuni ile, zimekatika pamoja. Nilikuwa nimesoma mikataba yote miwili. Kutembea hatua mia moja kutazama nguzo, sikutembea.

Msinicheke. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Kenya ina pia waya wa TEAMS, unaotoka Mombasa kuelekea Fujairah, Falme za Kiarabu, upande mwingine kabisa wa bahari. Huo nao uliwahi kukatwa na nanga ya meli hapo Mombasa, Februari 2012. Nguzo za baharini hazionekani, lakini nazo zina malori yake.

Nikarudi na kifaa cha laini ya simu, nikakichomeka tundu la pili badala ya ile faiba. Safari hii niliiuliza kwanza kampuni ya simu: mnara wenu wa hapa unapata intaneti kwa njia gani? Wakaniambia kwa mawimbi ya redio kutoka mnara mwingine, nguzo ile haihusiki. Vizuri. Lakini njia ya akiba mara nyingi huwa nyembamba, na ofisi nzima haipiti hapo kwa mpigo. Ikabidi niipange foleni. Simu za sauti mbele: moja hula chini ya kilobiti 100 kwa sekunde, lakini haivumilii kusubiri. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 hivi, watu huanza kukatizana maneno. Zikafuata hati za forodha. Picha za kamera ya getini na masasisho ya kompyuta, mwisho kabisa.

Alasiri ile ile, nguzo ikiwa bado topeni, hati zilikuwa zinaenda moja moja na mzee amenyamaza, jambo la nadra kwake. Kijana mmoja akashuka kutoka ghorofani, simu mkononi, akaniuliza mbona sinema yake imeganda. Nikamwambia ipo, iko foleni nyuma ya makontena.