Mraibu, mpenzi au mwanaprogramu wa ridhaa?

Mfasiri anayesimulia habari za mtu aliyejifunza kompyuta nyumbani, akaandika programu na kutengeneza tovuti bila kulipwa, hapati taabu kutaja kazi yenyewe: mtu huyo ni mwanaprogramu. Taabu ni kueleza kwamba anaifanya kwa kuipenda tu. Makala haya yanapima maneno matatu yanayotumika kwa maana hiyo: uraibu, mpenzi na ridhaa.

Ugumu huu una historia. Nchini Marekani na Uingereza, kompyuta iliingia majumbani kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1970. Altair 8800, iliyotangazwa mwaka 1975, iliuzwa hata ikiwa vipande ili mnunuzi aiunganishe mwenyewe. ZX Spectrum ya mwaka 1982 ilitumia televisheni ya nyumbani kuwa skrini na kinasa sauti cha kaseti kuhifadhia programu. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na marufuku hayo yalilegezwa polepole katika miaka ya 1980. Tena, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. Kwa hiyo kompyuta ilizoeleka kwanza maofisini na vyuoni, na msamiati wake ukakulia huko. Mtu anayeichezea sebuleni kwake hakupata jina mahususi.

Uraibu. Katika baadhi ya vitabu vya shule, hasa nchini Kenya, neno hili lina maana ya hobi, yaani shughuli aipendayo mtu wakati wa mapumziko. Hata hivyo, maana iliyoenea leo ni mazoea mabaya yasiyoachika: uraibu wa dawa za kulevya, wa pombe, wa kamari. Mwalimu akiandika katika barua ya kumwombea mwanafunzi wake nafasi ya chuo kwamba "kijana huyu wa Biharamulo ni mraibu wa kompyuta", wasomaji wengi watadhani kijana anahitaji tiba. Alichokusudia kuwa sifa kitasomwa kuwa onyo.

Mpenzi. "Mpenzi wa kompyuta" halina ubaya, lakini halitoshi. Mpenzi wa soka anaweza kuwa mtazamaji asiyewahi kugusa mpira. Vivyo hivyo, mpenzi wa kompyuta si lazima awe ameandika hata mstari mmoja wa programu.

Ridhaa. Maana ya msingi ya neno hili lenye asili ya Kiarabu ni ukubali. Katika michezo limepata maana nyingine: ngumi za ridhaa hutofautishwa na ngumi za kulipwa. Bondia wa ridhaa hupanda ulingoni, hufanya mazoezi na hupigana kweli. Tofauti ni kwamba ngumi si ajira yake. Hiyo ndiyo hali tunayotaka kuieleza, na hivyo "mwanaprogramu wa ridhaa" ni istilahi inayofaa. Tusiibadilishe kwa "mwanagenzi", kwa kuwa neno hilo humtaja asiye na uzoefu, ilhali mtu wa ridhaa anaweza kuwa bingwa.

Kuna tahadhari mbili. Kwanza, "kwa ridhaa yake" ni "bila kulazimishwa". Usemi huo hausemi lolote kuhusu malipo. Kinachobeba maana ya kutolipwa ni "wa ridhaa". Pili, kwa kuwa matumizi haya yamezoeleka zaidi michezoni, ni vema kuyafafanua yanapotajwa mara ya kwanza.

Uangalifu kama huo unahitajika kwa neno "binafsi". "Tovuti binafsi" inaweza kueleweka kama tovuti isiyo ya serikali, kwa mfano wa "shule binafsi". Ikiwa maana ni tovuti ambayo mtu ameitengeneza na kuimiliki, "tovuti yake mwenyewe" haina utata.

Mfano wa matumizi: "Mkulima huyu wa Nyarubungo ni mwanaprogramu wa ridhaa, yaani halipwi kwa kazi hiyo. Ameandika programu ya kutunza hesabu za mauzo ya kahawa, akaiweka katika tovuti yake mwenyewe ili majirani waipakue." Katika sentensi hizo, msomaji anajua kwamba mtu huyo anatenda, ana ujuzi na halipwi. "Mraibu" lingempa sifa asiyostahili, na "mpenzi" lingemnyima anayostahili.