Kuvua na Kuvuna: Istilahi za Uvuvi na Ufugaji wa Samaki

Kintinku, katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida, ni mji mdogo ulio kando ya Reli ya Kati. Umo katika bonde la Bahi, ambako Mto Bubu humwaga maji yake katika kinamasi kinachofurika wakati wa mvua na kupungua sana wakati wa kiangazi. Wakulima wa bonde hilo hulima mpunga katika majaruba, na kinamasini hupatikana perege na kambale. Hivyo mwananchi wa huko hutumia vitenzi viwili bila kuvichanganya: mpunga huvunwa, samaki huvuliwa. Utata huanza pale mkulima huyo anapochimba bwawa na kufuga samaki. Je, siku ya kuwatoa, atakuwa anavua au anavuna?

Swali hili si mchezo wa maneno. Herufi moja tu hutenganisha vitenzi hivi, lakini shughuli zinazotajwa ni mbili, na Serikali huzisimamia kwa masharti tofauti. Mfasiri au mwalimu akizichanganya, atakayepata hasara ni mfugaji.

Tofauti ya vitenzi

Kuvua ni kutwaa samaki wa asili, ambao hakuna mtu aliyewapandikiza. Kwa kuwa samaki hao ni mali ya umma, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake huweka masharti ya leseni, ya aina za nyavu na ya ukubwa wa matundu. Kokoro, kwa mfano, hukatazwa kwa sababu huzoa wakubwa kwa wadogo na kuharibu mazalia.

Kuvuna ni kutoa ulichokiotesha au ulichokikuza mwenyewe. Katika bwawa la kufugia, mambo hugeuka. Perege huanza kuzaa akiwa bado mdogo, miezi michache tu baada ya kupandikizwa. Wasipopunguzwa, bwawa hujaa, chakula hakitoshi, na samaki wote hudumaa. Dawa yake ni kuwatoa wadogo mara kwa mara, au kupandikiza madume matupu, au kuweka kambale wachache wawale watoto wa perege. Tena, siku ya mavuno, chombo kinachofaa ni wavu unaoburutwa kutoka upande mmja wa bwawa hadi wa pili.

Sasa tuchukue kijitabu kinachosema kwa jumla: “Ni marufuku kuvua samaki wachanga.” Mvuvi wa kinamasini akikitii, atahifadhi samaki. Mfugaji akikitii, atawaacha wachanga wajae bwawani, na baada ya miezi minane atapata samaki wasiozidi urefu wa kidole. Amri ni ile ile, lakini kwa mmoja ni hifadhi na kwa mwingine ni hasara. Hapana budi, basi, kutumia kuvuna kwa samaki wa kufugwa, na wavu wa kuvunia kwa chombo chake.

Istilahi za utawala

Katika Wizara ya Mifugo na Uvuvi tofauti hii imekwisha kutambuliwa, kwani husemwa uvuvi kwa upande mmoja na ukuzaji viumbe maji kwa upande mwingine. Wako wanaouliza kwa nini isitoshe kusema ufugaji wa samaki. Jibu ni kwamba istilahi ya jumla lazima ibebe pia kaa, majongoo bahari na mwani. Mwani haufugwi, hulimwa. Kitenzi kukuza ndicho kinachoweza kubeba mimea na wanyama pamoja. Ama muundo wa viumbe maji, ambao baadhi ya walimu huuona umepungukiwa na kiunganishi, unafuata kawaida ya lugha: tunasema pia batamaji na mbwamwitu.

Hata hivyo, istilahi ya jumla isilifukuze neno mahsusi. Anayefundisha wanakijiji kufuga perege aseme ufugaji wa samaki. Vivyo hivyo, katika halmashauri cheo rasmi ni Afisa Uvuvi, ingawa wananchi wengi humwita Bwana Samaki kwa mfano wa Bwana Shamba. Katika barua tutumie cheo rasmi; katika mkutano wa kijiji hakuna ubaya kuyataja majina yote mawili, ili mfugaji ajue mtu wa kumwendea.

Neno “bwawa”

Tunasema Bwawa la Mtera, nalo ni maji makubwa yanayozalisha umeme na yenye wavuvi wengi. Tunasema pia bwawa la mtu aliyechimba shimo la mita 20 kwa 10 nyuma ya nyumba yake. Neno hili peke yake halimwelezi msomaji kama anahitaji leseni ya kuvua. Kwa maji yaliyozuiwa kwa tuta ili mifugo inywe, mikoa ya kati ina neno lambo, nalo litunzwe. Kwa shimo la mfugaji tuandike kwa ukamilifu bwawa la kufugia samaki. Mkulima wa mpunga hatapata taabu kuelewa sehemu zake, kwa kuwa jaruba lina kingo, mfereji na mlango wa maji. Tofauti kubwa ni kina: bwawa huhitaji karibu mita moja ya maji, na udongo wa mfinyanzi usiovujisha.

Kupandikiza, kurutubisha, kulisha

Vitenzi hivi vitatu hufuatana katika kazi na visibadilishane. Kupandikiza ni kuwatia vifaranga bwawani. Idadi yao katika bwawa hukadiriwa kwa mita ya mraba; katika kizimba kinachoelea ziwani hukadiriwa kwa mita ya ujazo. Ikiwa kipimo ni vifaranga 3 kwa mita ya mraba, bwawa la mita 20 kwa 10 litapokea 600. Anayetafsiri asiandike “mita” peke yake.

Kurutubisha ni kutia samadi majini ili viote vijimea vidogo sana, ambavyo huyafanya maji yawe ya kijani na kuwa chakula cha asili cha perege. Samadi ikizidi, hewa majini hupungua, na alfajiri samaki huonekana wakihema juu ya maji. Kulisha ni kuwapa chakula chenyewe, kama vile pumba za mpunga na mashudu ya alizeti, ambavyo mkoani Singida si vigeni. Kwa hiyo sentensi “samaki hulishwa samadi” ni kosa la maana, nalo laweza kumfanya mlaji amkatae samaki na mfugaji aliue bwawa lake.

Mapendekezo

(i) Kuvua na mvuvi: kwa samaki wa asili tu.
(ii) Kuvuna na mfugaji wa samaki: kwa samaki waliopandikizwa.
(iii) Ukuzaji viumbe maji: kwa fani nzima, ufugaji wa samaki: kwa samaki pekee.
(iv) Bwawa la kufugia samaki: lisifupishwe kuwa bwawa katika sheria na matangazo.
(v) Kurutubisha: kwa maji, kulisha: kwa samaki.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, kazi ya kutafsiri sheria si ya wataalamu wachache tena. Kila neno litakaloandikwa humo litasomwa na mwenye bwawa kule Kintinku, naye atalitii kama lilivyoandikwa.