Mtoto Aliyezaliwa na Ufa Usoni

Mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka, mara nyingi watu huanza kumtafuta mwenye kosa. Mama husingiziwa uzinzi, au jirani husingiziwa uchawi. Huku mtoto ana njaa.

Sikilizeni jinsi ilivyo. Uso hujengwa tumboni kwa vipande vinavyokua na kuungana. Mdomo huungana kati ya juma la 4 na la 7 la mimba, kaakaa kati ya juma la 6 na la 9. Vipande visipofikiana, ufa hubaki. Mara nyingi ufa huwa kushoto au kulia, na akili ya mtoto ni nzima.

Lakini mara chache ufa huwa katikati kabisa, chini ya pua. Pua huwa bapa au ina tundu moja, na macho yamekaribiana mno. Hiyo yaweza kuwa dalili kwamba ubongo haukugawanyika pande mbili kama ipasavyo. Watoto wengi wa namna hii hufa mapema. Wenye kilema kidogo huweza kuishi miaka mingi.

Sababu ni nini? Pengine ni kasoro katika urithi wa damu, pengine ni kisukari cha mama. Mara nyingine sababu haionekani. Wanafunzi walipomwuliza Bwana Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, hakumhukumu yeye wala wazazi wake (Yohana 9).

Basi, fanyeni hivi:

1. Msimfiche mtoto. Mpelekeni upesi kwa mganga amtazame kichwa, macho na kaakaa.

2. Akishindwa kunyonya, mama akamue maziwa katika kikombe safi. Amketishe mtoto wima, amnyweshe polepole kwa kijiko.

3. Akipatwa na degedege, au mwili ukiwa baridi, msingoje asubuhi.

4. Ufa wa mdomo hushonwa akiwa na miezi 3 hivi na amenenepa. Wa kaakaa kabla ya miezi 18. Watu wa Luvungi, ulizeni kituo cha afya kuhusu Lemera, au Panzi kule Bukavu, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1999.

5. Mama mwenye kisukari atibiwe kabla ya kuchukua mimba, wala asinywe pombe akiwa mjamzito.

Na ikiwa mtoto hataishi, astahili jina, maziwa na mikono ya kumpakata hata mwisho. Baba, usimwache mama peke yake.