Zinki Inayopotea na Mkojo wa Mgonjwa wa Saratani

Mwili wa mtu mzima hubeba takribani gramu 2 hadi 3 za zinki, ambayo zaidi ya nusu yake imo ndani ya misuli, na mtu mwenye afya huitoa zaidi kwa njia ya choo kikubwa, huku mkojo ukibeba karibu nusu miligramu tu kwa siku. Shaba hutoka hasa kwa nyongo. Hayo ni madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo mno, lakini zinki ikipungua, vidonda huchelewa kupona na kinga hulegea.

Saratani huvuruga mpango huo kwa hatua. Kwanza, kinga inayopambana na uvimbe humwaga katika damu kemikali za ujumbe ziitwazo saitokini, ambazo huliamuru ini livute zinki na kuihifadhi, hata kipimo cha damu kikaonyesha upungufu ilhali madini yenyewe yamehama tu. Hasara yenyewe huja misuli inapoyeyuka, kwa kuwa zinki iliyokuwa ndani yake huachiliwa na sehemu yake kuchujwa na figo. Shaba huwa na mkondo tofauti: uvimbe wa kongosho ukiziba mrija wa nyongo, hukosa pa kutokea na kurundikana mwilini.

Katika Bonde la Ufa hasara hiyo huwa nzito zaidi kwa wenye saratani ya umio, yaani mrija wa chakula, ugonjwa ambao Hospitali ya Tenwek huko Bomet imeutibu kwa miaka mingi. Mgonjwa wa Dundori aliyelelewa kwa githeri na ugali hula nafaka zenye fitate, kiungo kinachoishika zinki tumboni na kutoka nayo. Kisha umio huziba, akabakiwa na vitu vya majimaji. Hapo uji uliochachushwa unastahili heshima kuliko unavyopewa, kwani hupita kwa urahisi na uchachu wake huvunja sehemu ya fitate.

Tiba nayo ina gharama yake. Sisplatini, dawa yenye platini, huumiza mirija midogo ya figo ambayo kazi yake ni kurudisha madini kwenye damu, hivyo magnesi na zinki hupotea na mkojo; ndiyo sababu magnesi ya mgonjwa hupimwa mara kwa mara. Vidonge vya zinki visinunuliwe bila ushauri wa daktari, maana zinki ikizidi huzuia utumbo kufyonza shaba, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu.